Jinsi ya kutunza akaunti nyeti kwa Tor na Tails

Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchini Tanzania mwaka 2019, kila akaunti ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa namba ya simu ni akaunti iliyosainiwa kwa kidole cha mwenyewe. Kenya na Uganda nako laini husajiliwa kwa kitambulisho. Mtu anaweza kujiita jina lolote kwenye akaunti hiyo, akaweka picha ya ua mahali pa sura yake na kuandika kwa uangalifu mkubwa, lakini namba iliyopokea ujumbe wa uthibitisho inabaki katika kumbukumbu za kampuni inayomiliki mtandao huo, na jina lake halisi linabaki katika kumbukumbu za kampuni ya simu. Anayetaka kumjua anahitaji kuweka karatasi mbili tu pamoja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye karatasi hizo mbili zikikutana atapoteza kazi, uhuru au uhai.

Ili maelezo yasielee hewani, nitamfuata mtu mmoja wa kufikirika tangu mwanzo hadi mwisho: muuguzi wa hospitali ya wilaya ambaye ameona dawa za umma zikitolewa ghalani usiku na kupelekwa kwenye duka la mtu binafsi, na ambaye anataka sanduku la barua pepe la kuwasiliana na mwandishi wa habari kwa muda wa miezi kadhaa. Yaliyomfaa yeye yatamfaa pia mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji, mwanaharakati wa ardhi, au mwandishi mwenyewe anayelinda chanzo chake.

Kabla ya kupakua chochote, muuguzi huyu ajibu maswali mawili moyoni mwake, pasipo kuyaandika popote: ni nani hasa asiyetakiwa kumjua, na huyo mtu ana uwezo gani. Mwenye duka la dawa hawezi kusoma kumbukumbu za kampuni ya simu, lakini huenda ana ndugu katika ofisi ya TEHAMA ya hospitali anayeweza kuona kompyuta ya wodini ilifungua tovuti gani. Polisi wanaweza kuipelekea kampuni amri ya kisheria. Mtu wa nyumbani hahitaji amri yoyote, kwa kuwa anaweza kuichukua simu iliyolala mezani na kuisoma. Kila mmoja wao anazuiwa kwa namna yake, na nimewaona watu wakihangaika siku nzima kujikinga na majasusi wa mbali huku simu zao hazina hata nenosiri, ilhali anayewatisha analala chumba kimoja nao.

Tor inaficha nini, na haifichi nini

Tor ni mtandao wa seva elfu kadhaa zinazoendeshwa na watu wa kujitolea katika nchi nyingi. Wazo lake lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, mtandao wenyewe ukaanza kutumika mwaka 2002, na tangu 2006 unasimamiwa na shirika lisilo la faida liitwalo Tor Project. Unapofungua tovuti kwa kivinjari cha Tor, ombi lako husimbwa, yaani hugeuzwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, kwa matabaka matatu, kama maganda ya kitunguu, kisha hupitishwa kwenye vituo vitatu, yaani seva tatu kati ya hizo, na kila kituo humenya tabaka moja. Kituo cha kwanza kinajua ulikotoka lakini hakijui uendako. Cha pili kinajua tu kwamba kimepokea kutoka kwa cha kwanza na kupeleka kwa cha tatu. Cha tatu kinajua uendako lakini hakijui wewe ni nani. Tovuti huona anwani ya kile kituo cha tatu, ambacho huenda kipo Ujerumani au Uholanzi, na kwa hiyo haijui kwamba mgeni wake anatumia bando la simu akiwa Mwanza.

Hapo ndipo Tor inapotofautiana na VPN, ambayo wengi wetu tuliijua wakati mitandao ya kijamii ilipofungiwa. VPN ina mwenyewe mmoja, naye anajua ulikotoka na uendako pia. Ukimtumia, umehamisha tu imani yako kutoka kampuni ya simu kwenda kwake. Kwa kufungua mtandao uliofungiwa inatosha. Kwa muuguzi wetu haitoshi.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana mwaka 2021, pale kampuni ya barua pepe ya Proton, iliyoko Uswisi na inayosifika kwa kulinda faragha, ilipotii amri ya kisheria ya nchi yake, ikarekodi anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa na kuikabidhi. Barua zenyewe zilibaki zimesimbwa, lakini anwani ilitosha. Kama mwanaharakati yule angekuwa anaingia kwa Tor kila mara bila kukosa, kampuni ingetii amri ileile na ingekabidhi anwani ya kituo cha Tor, ambayo haimtaji mtu yeyote. Kwetu tunao mfano wa upande wa pili: Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mijadala la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa jijini Dar es Salaam Desemba 2016 na kushtakiwa, pamoja na mengine, kwa kuzuia upelelezi baada ya kutotoa taarifa za watumiaji, na kesi zake ziliendelea hadi mwaka 2020. Ujasiri wa namna ile ni adimu, na si haki mtumiaji kuuegemeza usalama wake wote juu ya kifua cha mtu mwingine. Afadhali anayeombwa taarifa asiwe na cha kutoa.

Hata hivyo Tor ina mipaka yake, na asiyeijua huumia. Kituo cha tatu kinaweza kusoma kila kitu kinachopita ikiwa tovuti haitumii HTTPS, yaani njia inayosimba mawasiliano kati yako na tovuti, kwa hiyo usiandike nenosiri kwenye ukurasa usio salama. Tovuti zenye anwani ya onion, zile zenye herufi na tarakimu 56 kabla ya neno .onion, hazina tatizo hilo kwa sababu mawasiliano hayatoki kabisa nje ya mtandao wa Tor. BBC na Proton ni miongoni mwa zinazotoa anwani za namna hiyo. Tena, Tor haimfichi mtu aliyejitaja: ukiingia kwenye akaunti yenye jina lako, mwenye tovuti anajua ni wewe, na kilichofichika ni mahali ulipo tu. Anayeweza kutazama pande zote mbili za njia kwa wakati mmoja, yaani laini yako na seva unayoifikia, anaweza pia kulinganisha nyakati za data kuingia na kutoka akakukisia.

Kuna la nne ambalo hapa kwetu naliona zito kuliko hayo yote. Tor huficha unachokifanya, lakini kwa kawaida haifichi kwamba unaitumia. Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard alituma kwa Tor vitisho vya uongo vya bomu ili mtihani uahirishwe, tendo lisilostahili kutetewa hata kidogo. Wapelelezi hawakuivunja Tor. Walitazama ni nani alikuwa ameunganishwa na Tor kupitia mtandao wa chuo saa zile, wakamwendea, naye akakiri. Sasa fikiria Wi-Fi ya hospitali ya wilaya, ambako huenda katika mwaka mzima mtu mmoja tu ndiye atakayewahi kuitumia Tor. Muuguzi asiitumie kamwe kwenye mtandao wa kazini, na popote pengine ambapo matumizi yenyewe yanaweza kuzua maswali atumie madaraja. Hivi ni vituo vya kuingilia visivyoorodheshwa hadharani, ambavyo baadhi yake, kama obfs4 na Snowflake, huifanya data ya Tor isionekane kirahisi kuwa ni ya Tor.

Upande wa sheria nao usirukwe. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN zitoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, ikirejea kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Tor si VPN, lakini afisa atakayeikuta kwenye kompyuta yako huenda asijali tofauti hiyo. Mwenye mashaka azungumze na wakili anayemwamini, tena ana kwa ana.

Kuandaa Tails

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini simu haitoshi, maadamu kivinjari cha Tor kipo pia kwa Android. Kwa kusoma habari zilizofungiwa kinatosha. Kwa akaunti ya hatari, tatizo ni simu yenyewe: ndani yake mna laini iliyosajiliwa, kibodi inayojifunza maneno yako, nakala za picha zinazopanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na programu chungu nzima zilizopewa ruhusa ya kujua ulipo. Kompyuta ya kawaida ya Windows ina afadhali kidogo tu, kwa kuwa huacha kumbukumbu za mafaili yaliyofunguliwa hata baada ya kufutwa.

Tails ni mfumo endeshi kamili, uliojengwa juu ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, unaokaa kwenye flashi na kuwashwa kutoka humo badala ya mfumo uliomo kwenye kompyuta. Hufanya kazi ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayofutika kompyuta ikizimwa, haugusi diski ya kompyuta usipouambia, hulazimisha kila programu kupita Tor au kutopita kabisa, na ukiuzima husahau yote. Ulianza mwaka 2009, Edward Snowden, aliyefichua siri za ujasusi wa Marekani, na waandishi aliowasiliana nao mwaka 2013 waliutumia, na tangu Septemba 2024 mradi wake umeungana na Tor Project. Ni wa bure, na yeyote anayekuuzia anakuibia.

Utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi na kompyuta mpakato yenye kichakato cha biti 64 na RAM ya GB 3 au zaidi. Kompyuta za Apple zenye chipu za M1 na zilizofuata hazifai. Kompyuta kuukuu za Dell, HP na Lenovo zinazouzwa mitumba kwa kawaida zinafaa sana, na kwa kazi hii hata iliyotolewa diski itafanya kazi. Lipa kwa fedha taslimu, maana malipo ya simu yanaacha jina, tarehe na duka. Jihadhari na flashi bandia zinazoandikwa ukubwa zisio nao, kwani usakinishaji utakwama katikati au, vibaya zaidi, utaonekana umekamilika kisha data ipotee baadaye.

Faili la Tails ni kubwa, zaidi ya GB 1, na lipakuliwe kutoka tovuti rasmi tu, tails.net. Kwenye ukurasa uleule wa kupakulia kuna kitufe cha kulihakiki faili ulilopakua, na hatua hiyo usiiruke hata kama bando linakaribia kwisha, kwa sababu faili lililochezewa linabatilisha yote yatakayofuata. Kwenye Windows, programu ya Rufus ndiyo itakayoliandika faili hilo kwenye flashi, na kila kilichokuwamo kitafutika. Ikiwa una mwenzako unayemwamini ambaye tayari ana Tails, iko njia nyepesi zaidi, kwa kuwa Tails inaweza kujinakili yenyewe kutoka flashi moja kwenda nyingine bila kutumia bando lolote. Njia hiyo ndiyo ninayoipenda katika mafunzo.

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza mfululizo kitufe cha kuchagulia kifaa cha kuwashia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni Esc au F9, kwenye Asus ni Esc. Chagua flashi, subiri, na skrini ya makaribisho itakuuliza lugha na kibodi. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa huwaka na tarehe ya miaka iliyopita, na Tor hukataa kuungana kwa sababu hiyo pekee. Ukikwama hapo, angalia tarehe kabla ya kulaumu mtandao.

Ukishaunganisha intaneti, Tails itakuuliza kama iungane na Tor moja kwa moja au ifiche kwamba unaungana na Tor. Muuguzi achague la pili na aweke daraja. Akiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli inayodai kwanza ufungue ukurasa wa kuingilia, Tails ina kivinjari maalumu kisichopita Tor kwa kazi hiyo moja, nacho kimeitwa kivinjari kisicho salama kwa sababu ndivyo kilivyo. Akimaliza kuingia akifunge, asikitumie kwa kingine chochote.

Kwa kuwa Tails husahau kila kitu, itabidi utengeneze hifadhi ya kudumu ndani ya flashi ileile ili manenosiri na barua za kazi zisipotee. Hifadhi hiyo husimbwa kwa LUKS, njia ya kusimba diski nzima, na nguvu yake ni sawa na nguvu ya fungu la maneno utakalolichagua. Usitunge fungu hilo kichwani, maana methali, aya na majina ya watoto hukisiwa. Tumia maneno sita au saba yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu: ipo orodha ya Kiingereza ya shirika la haki za kidijitali la EFF yenye maneno 7,776, ambapo kila neno hupatikana kwa kurusha dadu mara tano, na KeePassXC, programu ya kutunzia manenosiri iliyomo ndani ya Tails, hufanya kazi hiyohiyo bila dadu. Yakariri kwa siku chache mpaka yakae. Katika mipangilio ya hifadhi washa tu unavyovihitaji, kama folda ya mafaili na kumbukumbu za madaraja, kwa sababu kila kinachohifadhiwa ni kitu ambacho siku moja kinaweza kukutwa.

Wapo watakaokwambia kuhusu Whonix, inayofanya kazi kama kompyuta mbili pepe ambazo moja ndiyo pekee yenye njia ya kutoka nje, na Qubes, inayotenganisha kila shughuli katika chumba chake. Zote ni nzuri, hasa kwa mwandishi anayepokea mafaili ya watu wengi kila siku, lakini Qubes inapendekezewa RAM ya GB 16 na kujifunza kwake kunachukua wiki kadhaa. Muuguzi aanze na Tails.

Kufungua akaunti

Wakati mwingine akaunti haihitajiki kabisa. Magazeti makubwa kama The Guardian na The New York Times yana SecureDrop, mfumo unaokuwezesha kuacha nyaraka na kurudi kusoma majibu kwa kutumia maneno ya siri uliyopewa, bila barua pepe wala jina. Barani Afrika, shirika la PPLAAF lililoanzishwa mwaka 2017 hupokea taarifa za wafichua maovu kwa njia iliyosimbwa, na lilikuwa sehemu ya uchunguzi wa nyaraka za benki za Kongo uliochapishwa Novemba 2021. Ikiwa lengo ni kukabidhi nyaraka mara moja tu, njia hiyo ina mitego michache kuliko akaunti.

Ikiwa akaunti ni lazima, kanuni ambayo sitaki msomaji aipuuze ni kwamba izaliwe ndani ya Tor na isiwahi kutoka humo. Akaunti ya zamani iliyofunguliwa kwa simu mwaka juzi haiwezi kutakaswa kwa kuanza kuifungua kwa Tor leo, kwa sababu anwani ya kwanza iliyoifungua bado ipo kwenye kumbukumbu. Fungua mpya. Huduma zisizolazimisha namba ya simu zipo, zikiwemo Proton na Tuta, ingawa mara nyingine humkatalia anayetoka Tor au humsubirisha kabla ya kuidhinisha. Ukikataliwa, bonyeza kitufe chenye alama ya ufagio ili upate utambulisho mpya na njia mpya, ujaribu tena, hata mara tano. Subira hii ndiyo gharama yenyewe, na watu wengi huanguka hapa: wanachoka, wanatoa namba ya shemeji au ya rafiki, na wanajiambia kwamba si yao. Namba ya shemeji ni yako. Atakayemfikia shemeji atakufikia wewe, tena utakuwa umemtia mwenzako hatiani bila yeye kujua. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, inayouzwa kichochoroni, ni kosa la jinai na ina muuzaji anayekumbuka sura.

Jina la akaunti lisitokane na chochote chako: si kijiji, si mwaka wa kuzaliwa, si timu ya mpira. Nenosiri litengenezwe na KeePassXC na libaki humo, na uthibitisho wa hatua ya pili uwe wa tarakimu zinazozalishwa na KeePassXC yenyewe badala ya ujumbe wa simu. Sehemu ya barua pepe ya kurejeshea akaunti iache tupu. Ndiyo, ukisahau nenosiri akaunti imekwenda, afadhali hivyo.

Kabla ya kuanza kazi, bofya alama ya ngao na upandishe kiwango cha usalama hadi cha kati au cha juu, kwa kuwa mashambulizi mengi dhidi ya kivinjari huja kwa JavaScript, programu ndogo ambazo tovuti huziendesha ndani ya kivinjari chako. Tovuti kadhaa za barua hazifanyi kazi kwenye kiwango cha juu kabisa, na hapo shusha hatua moja kwa tovuti hiyo tu. Usiongeze kiendelezi chochote, yaani programu ndogo ya nyongeza, kwenye kivinjari. Usalama wake unatokana na kufanana na vya watu wengine wote, na kila unachokiongeza kinakutoa kwenye kundi.

Kuishi nayo

Mitambo ikishakaa sawa, hatari inahamia kwa mtu. Hector Monsegur, aliyekuwa kiongozi wa kundi la wadukuzi nchini Marekani hadi alipokamatwa mwaka 2011, aliunganishwa na jina lake la bandia baada ya kuingia kwenye mazungumzo bila kinga mara moja. Mara moja inatosha. Kwa hiyo kaa na desturi isiyobadilika: akaunti hii hufunguliwa kwa flashi hii tu, na ukiwa ndani ya flashi hii hufungui barua zako binafsi, huangalii matokeo ya mpira ya timu yako, hutafuti jina lako mwenyewe. Ukitaka kubadili shughuli, zima kompyuta kabisa uiwashe upya.

Muda nao husema. Barua za akaunti zikilingana na ratiba ya zamu, yaani zikitokea asubuhi za wiki ambazo muuguzi fulani yupo zamu ya usiku na kunyamaza akiwa zamu ya mchana, mtu mwenye ratiba mkononi hahitaji mtaalamu wa kompyuta. Andika barua leo, itume kesho au keshokutwa, saa isiyo na mpangilio. Simu yako ibaki nyumbani ikiwa imewashwa, kwa sababu simu inayozimwa kila mara akaunti inapoamka inaacha nyayo zilezile kwa njia ya kinyume.

Kisha kuna Kiswahili chenyewe. Mtu wa Zanzibar anaandika skuli, wa bara shule, wa Lubumbashi huenda akasema masomo. Wa Nairobi anaandika sai pale wa Dodoma anapoandika sasa hivi. Anayechanganya r na l katika mazungumzo mara nyingi huzichanganya na katika maandishi, na kila idara ina vifupisho vyake ambavyo mtu wa nje havijui. Mganga mkuu aliyesoma ripoti zako kwa miaka sita atakutambua kwa namna unavyofungua sentensi. Andika sentensi fupi, kwa Kiswahili cha vitabu vya shule, bila utani, bila salamu unazozizoea, na bila neno la kitaalamu pale ambapo la kawaida linatosha.

Nyaraka zinahitaji uangalifu kuliko maneno. Picha ya simu hubeba modeli ya simu, saa na mara nyingine mahali ilipopigwa. Programu ya Metadata Cleaner iliyomo ndani ya Tails huondoa taarifa hizo, lakini haiwezi kuondoa kidole chako kinachoonekana ukingoni wala saa ya ukutani. Printa nyingi za leza za rangi huchapa vidoa vidogo vya njano vinavyobeba namba ya mashine na tarehe. Na hata waraka uliosafishwa vizuri bado una idadi ya watu waliowahi kuushika. Mwaka 2017, Reality Winner alipotoa ripoti ya siri ya Marekani kwa waandishi, wapelelezi walikuta kwamba watu sita tu ndio waliokuwa wameichapa, na katika hao ni yeye aliyewahi kuwasiliana na chombo kile cha habari kwa kompyuta ya kazini. Basi muuguzi ajiulize: daftari la ghala hufunguliwa na watu wangapi? Kama ni wawili, asitume picha ya ukurasa. Amweleze mwandishi ni rekodi gani aiombe, kwa njia ambayo wengi wangeweza kuijua, ili ushahidi upatikane kutoka mahali pengine.

Mafaili unayotumiwa usiyafungue kwa haraka. Mwaka 2017, mhalifu aliyekuwa akiwatesa wasichana mtandaoni alifichuliwa kwa faili la video lililotumia udhaifu wa kichezeshi cha video ndani ya Tails na kufichua anwani yake ya kweli. Hakuna atakayemlilia, lakini mlango uleule unaweza kutumiwa dhidi ya mtu mwema. Sasisha Tails kila toleo jipya linapotoka, na faili la mtu usiyemjua ulifungue baada ya kukata intaneti, kisha uzime kompyuta.

Intaneti ikizimwa

Tor huvuka vizuizi vya tovuti moja moja. Intaneti yote ikizimwa, kama ilivyokuwa Uganda Januari 2021 au Kongo mwishoni mwa 2018 hadi Januari 2019, haivuki chochote. Kubalianeni mapema, wewe na mwandishi, kwamba ukimya wakati wa uchaguzi si ishara ya kukamatwa, na baada ya siku ngapi za ukimya baada ya hapo uanze kuwa ishara. Weka madaraja mawili au matatu kwenye hifadhi ya kudumu kabla ya msimu huo, kwa maana siku ya kuyahitaji ndiyo siku ambayo ukurasa wa kuyaomba hautafunguka.

Kuifunga

Hifadhi iliyosimbwa haisomeki bila maneno yako, lakini inaonekana kwamba ipo, na anayeishika flashi anaweza kukulazimisha useme. Ndiyo maana akaunti hii isiishi zaidi ya kazi yake. Habari ikishachapishwa, muuguzi asubiri kidogo, amuage mwandishi kwa ujumbe wa kawaida, afute barua zote kisha akaunti yenyewe, halafu afute hifadhi ya kudumu kutoka ndani ya Tails. Kumbukumbu za flashi hazifutiki kikamilifu kwa programu, kwa hiyo afungue ganda lake, akivunje kwa nyundo kile kipande cheusi kilichobandikwa kwenye ubao mdogo wa ndani, na avitupe vipande siku mbili tofauti, mbali na nyumbani na mbali na hospitali.